Kaseti Isiyojibu Matusi

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Shinyanga tu wazima, mvua tu ndiyo inaturingia. Unauliza bendi yenu inunue mixa gani ya kidijitali, hiyo mashine ya kuchanganya sauti, maana kila mwaka sauti zinahifadhiwa kivingine.

Ujanani, kwenye mashindano ya ngoma, makundi mawili yaliimba kwa wakati mmoja, na lililovuta watazamaji wengi zaidi ndilo lilishinda. Siku moja mimi, fundi mitambo wa kundi letu, nikaona kaseti itamshinda mtu: nikamkalisha mwimbaji wetu, nikapiga kaseti yake kwenye spika kubwa. Mwimbaji wa wapinzani akacheka: "Mwenzangu kajificha ndani ya boksi? Atoke anijibu!"

Kaseti ikaendelea kujisifu. Nilishtuka: uwanja wote ulihamia kwa yule mpinzani, na mchumba wangu, huyo bibi yako, akikimbia mbele!

Nunua yoyote, mradi mkono wako uwahi kumfungulia mwimbaji wenu maikrofoni ajibu, kabla hajatukanwa mara ya pili.

Babu yako