Kibao Kiko Kwangu

Jumatatu, 26 Januari 2026

Siku ya kwanza darasani! Nimetoka kwetu Buyenzi, Bujumbura, mpaka huku Kasulu — nchi ya watu — niwe msaidizi wa darasa la kwanza. Sekondari nimemaliza, chuo bado hakijaniita, na kukaa bure sikutaka. Nalala kwa shangazi Mwanaamina, mwenye duka la vitenge. Jioni ameona miguu yangu ilivyojaa udongo mwekundu akacheka: eti nimekuja kufundisha au kulima?

Watoto ni wengi kuliko madawati. Mwalimu wao, Mwalimu Immakulata, kwao Moshi. Kiha, lugha ya hapa, hajui hata neno, na watoto hawana kingine. Anauliza, wanamtazama tu. Mimi nawaelewa — Kiha na Kirundi chetu ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe nina faida hapa!

Jumatano, 28 Januari

Leo nimekiona kibao. Kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa NIMEONGEA KIHA. Mtoto akisikika akisema Kiha anavishwa shingoni. Ili akivue, lazima amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho mstarini jioni anachapwa. Basi kutwa nzima wanawindana. Wengine wamepata njia yao: hawasemi kabisa.

Leo kiliishia kwa Pelagia. Mdogo kuliko wote, kibao kinamfika tumboni. Kosa lake — alianguka, akamwita mama yake. Nani anaumia kwa lugha ya kujifunza? Amechapwa. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwalimu Immakulata aliangalia pembeni. Baadaye akaninong'oneza: mdogo wangu, usijitie humo, hata mimi nilikikuta hapahapa.

Alhamisi, 29 Januari

Pelagia amejikojolea kwenye dawati. Kuomba ruhusa kwa Kiswahili hajui, kwa Kiha anaogopa. Nimemwosha bombani.

Nikarudi, nikachora ng'ombe ubaoni. Nikasema "inka", halafu "ng'ombe". Darasa likalipuka! Kila mmoja ana ng'ombe wake wa kusimulia — wa babu, wa pembe moja, aliyekula kanga ya mama kambani. Wanaanza kwa Kiha, wanamalizia kwa Kiswahili, mimi nawasukuma katikati. Mwalimu Immakulata aliacha kusahihisha. "Kumbe wanajua kuongea," alisema.

Ndipo Marselino, aliyekuwa na kibao leo, akaja mbele. "Mwalimu, umesema Kiha."

Sheria ni sheria. Nikainamisha kichwa, akanivisha.

Jioni mstarini Mwalimu Mkuu, Mwalimu Stanislaus, akauliza kama kawaida: kibao kiko kwa nani? Kwangu. Shule nzima ilicheka. Kunichapa hawezi. "Lete hapa." Nikasema, samahani Mwalimu, anayekivua ni aliyemnasa mwenzake, na mimi sijamnasa mtu.

Na sitamnasa.

Ijumaa, 30 Januari

Nimekivaa tena. Nimepita nacho sokoni makusudi. Wenye bodaboda wamenipigia honi. Muuza dagaa: "Dada, wewe fungu shilingi ngapi?" Nikamwambia siuzwi kwa fungu. Wakacheka wote, hata mimi.

Shangazi hakucheka. "Faudhia! Mgeni hapangui vyombo vya wenyewe!" Nikamweleza: kikiwa shingoni kwangu, hakuna mtoto anayechapwa. Akanimiminia chai. Halafu: "Basi vaa na ushungi wa maana, usinitie aibu mara mbili."

Jumatatu, 2 Februari

Nimeitwa ofisini. Lazima niandike ukweli: Mwalimu Stanislaus si mtu mbaya. Ni Mha wa Buhigwe, alivaa kibao utotoni. Bila fimbo zile, anasema, hadi leo angekuwa anachunga mbuzi wa baba yake.

"Mtihani hauulizwi kwa Kiha, binti."

"Pelagia hataufikia mtihani, Mwalimu. Ameacha kusema."

Akasema: kuchonga kingine ni kazi ya dakika chache tu.

"Basi hicho nacho nitakivaa."

Sijui maneno yale yametoka wapi! Uso wake ukabadilika. Kesho kamati ya shule inakaa. Amesema nikirudishe kabla ya kikao, au nirudi kwetu kwa njia ileile ya mpaka wa Manyovu.

Ofisini sikulia. Njiani nimelia. Nataka kubaki! Naipenda kazi hii kuliko nilivyofikiri. Lakini nikikirudisha, kesho hiyohiyo kitakuwa juu ya tumbo la mtoto.

Mchana, wakati nafuta ubao, Pelagia alisema "ng'ombe". Sauti ndogo. Hakuna aliyemwuliza.

Jumanne, 3 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi. Kamati imo ndani. Begi langu liko miguuni — shangazi alilifunga mwenyewe asubuhi, akaweka na chapati. Kibao ninacho. Kamba inanikwaruza.

Dirisha liko wazi juu ya kichwa changu, nasikia yote. Mwalimu Immakulata anasema darasa lake sasa linaongea, njooni mwone. Amejitia naye! Mzee mmoja anauliza, kwa hiyo tukafundishwe Kiha na Mrundi? Wanacheka. Sauti ya Mwalimu Stanislaus siisikii. Hajasema kitu bado.

Kengele ya mapumziko. Watoto wamejipanga kule mbali, wananitazama. Hakuna anayekaribia.

Pelagia anakuja. Peke yake. Amepanda benchi, miguu haifiki chini.

Ananiuliza kama kesho nitakuja. Kwa Kiha. Kwa sauti ya kuita ng'ombe!

Ndani wamenyamaza.

Nimemjibu kwa Kiha kwamba nitakuja. Sikushusha sauti.

Kiti kimeburutwa. Mtu anakuja mlangoni — Pelagia hajahama.