Mgunga wa Bondeni

Kamsamba, Jumatano

Maji ya chumvi yaliyofurika kutoka ziwani bado yamesimama kitaluni. Miche ya mgunga wa kilimani imekufa yote. Ya mgunga wa bondeni iko kijani, kama haijaambiwa. Mti aina moja, udongo mmoja, tofauti ni mti mama tu, ule uliotoa mbegu.

Na mama huyo wa bondeni ndiye shemeji anataka kumkata achome mkaa. Mbegu zake sina tena, na maganda mapya bado mabichi.

Jioni nikatundika mzinga juu yake, maana huku mti wenye mzinga haukatwi. Shemeji akaja na shoka, akasikiliza.

“Shemeji, nyuki wako mbona kimya?”

“Wamelala.”

“Haya. Asubuhi nakuja tuwaamkie wote.”

Mzinga ni mtupu. Nyuki napata wapi usiku huu?