Jicho Limegoma Kufumba, Fundi Anaukaza Uso kwa Mpira wa Tyubu

Mpendwa mshauri wa redio, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi naipokea mimi, naomba msaada wa haraka sana. Mimi ni fundi seremala, tena si wa kubahatisha, vitanda vyangu wamevilalia mabalozi, miji mitatu inanijua, hata meli nimeshaitengenezea milango, shule niliishia darasa la tano lakini kipimo changu hakijawahi kukosea hata kwa unene wa ukucha. Sasa Jumatatu asubuhi nimebana misumari mdomoni kama kawaida napigilia stuli, ikaanza kudondoka upande wa kushoto, nikaokota, ikadondoka tena, nikaenda kwenye kioo cha kabati la mteja nikakuta mdomo umehamia kulia na jicho la kushoto linanikodolea, nalifumba halifumbi.

Nikavaa barakoa ya vumbi, mama watoto nikamwambia ni jino, ananiangalia tu. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akanifokea, "We fundi, unanikonyeza mimi? Mume wangu yupo hapo nje!" kumbe jicho zima la kulia linapepesa peke yake, mwenzake amegoma. Jirani yangu, fundi wa kupaka vanishi, akanivua barakoa akasema, "Kaka, hiki ni kiharusi, uso haurudi huu." Nami siwezi kusubiri, maana Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yangu wanakuja kwangu mara ya kwanza, na msemaji ni mimi. Sasa mimi mbao iliyopinda naijua, unailowesha maji ya moto, unaibana kinyume, inanyooka, basi najikanda kwa taulo la moto na kujifunga mpira wa tyubu ya baiskeli kuuvuta mdomo urudi kushoto, mpaka leo Jumatano, lakini jicho limekuwa jekundu, linachoma, vumbi la mbao linaingia tu, je, nikaze zaidi au nilegeze?

*

Fundi, barua yako imeingia leo hii, nimeitanguliza mbele ya zote. Kwenye kukonyeza nilicheka, kwenye jicho nikaacha.

Fungua huo mpira! Nyuma ya sikio unapita mshipa wa fahamu unaouamrisha uso ufumbe jicho, ukunje paji, ucheke. Ukivimba ndani ya njia yake nyembamba mfupani, amri hazifiki. Mdomo umeenda kulia kwa sababu kushoto hakuna wa kuuvuta, na mpira wako hauamshi mshipa, unakuchubua ngozi tu.

Pandisha nyusi zote mbili. Ikiwa paji la kushoto nalo limelala, huenda ni mshipa huo. Likikunjika vizuri, au mkono umelegea, au maneno hayatoki sawa, huenda ni kiharusi, na hapo hata dakika usipoteze. Lakini wa kuamua si wewe, si jirani yako wa vanishi, wala si mimi mwenye kipaza sauti. Ni daktari, leo.

Leo, kwa sababu vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe husaidia zaidi vikianzwa ndani ya siku tatu, na zako zinaisha kesho asubuhi. Usijinunulie dukani: mwenye kisukari vinampandishia sukari. Wengi hupona kwa wiki au miezi. Jicho ndilo halisubiri! Lisilofumba hukauka, likachubuka, likaweza kupofuka. Karakana uiache, uombe dawa ya kulilainisha, na uonyeshwe namna ya kulifunga unapolala.

Na mkeo, baba, hadanganywi na jino. Anaogopa kukuuliza. Jumamosi wageni uwapokee na uso huohuo, uwaambie yaliyokupata, kisha mwachie mkeo awe msemaji. Binti anamtaka baba anayemwona vizuri siku ya harusi yake, maneno matamu atayapata kwingine.

Ukifika mapokezi, habari za mabalozi ziache. Sema hivi: "Uso umepooza upande mmoja tangu Jumatatu asubuhi, jicho halifumbi, linauma." Basi.

Bado unanisikiliza? Zima redio, mwite mkeo, muondoke.