"Hatujaona" si "Hakuna"

Mdogo wangu Mwajuma,

Wewe umelala kaburini Chanzuru, lakini barua hii naiacha wazi ili wanawake wengine nao waisome.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka kupimwa titi? Uliingia uani ukipiga vigelegele.

"Dada, hakuna!"

"Daktari amesema nini hasa?"

"Amesema, 'Hatujaona kitu.' Si ndiyo hakuna hiyo?"

Nilikueleza kwamba "hatujaona" huacha mlango wazi: hakijaonekana leo, lakini chaweza kuonekana kesho. Ukacheka, ukanisukumia ungo wa mchele niuchambue. "Mwalimu, darasa limefungwa." Majirani walikula ubwabwa wa shukrani, nawe hukurudi tena hospitali. Titi lilipoanza kuvimba, saratani ilikuwa imekwisha kusambaa.

Sikuandikii ili nikulaumu. Nakuandikia kwa sababu ya Rehema, binti yako.

Kwa kuwa ugonjwa huo ulikuchukua wewe mama yake, nilimhimiza apimwe mapema. Aliuacha mgahawa wake wa Mikumi, nami nikatoka Kilosa, tukakutana Morogoro. Eksirei ya matiti ilionyesha kivuli. Akafanyiwa na ultrasaundi, kisha tukaitwa kwa daktari, mwanamke kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Mpaka sasa hatujaona tatizo."

"Marahaba. Hatujaona, au hakuna?"

Rehema akanifinya. "Mama mkubwa, unamsahihisha daktari?"

"Mwache, ameuliza vizuri," daktari akasema. "Siwezi kusema hakuna. Kivuli kipo kwenye picha ya ubavuni, lakini kwenye picha ya kutoka juu hakipo. Ultrasaundi nayo haikioni, kwa hiyo sijui sindano ya kuchukua kinyama cha kupima niichome wapi. Nataka afanyiwe MRI."

Tulipotoka chumbani, mwanao alishika ukuta. "Wayakate yote mawili, mama mkubwa. Sitaki kufa kama mama."

"Hukati kiungo kwa sababu ya jambo usilolijua," nikamwambia. "Kwanza tujue."

Juma lililofuata tulipanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam. Mashine ile haitumii mionzi ya eksirei, hutumia sumaku. Rehema alivua hereni na kila chenye chuma, akalazwa kifudifudi, matiti yakaingia kwenye matundu mawili. Akachomwa dawa mshipani, ili penye ugonjwa, kama upo, pang'ae kwenye picha. Alipotoka, uso ulikuwa na alama za mto.

"Inapiga kelele kuliko mashine ya kusaga! Na mimi nimening'inia kama mbuzi anayesubiri kukamuliwa."

Nilicheka mbele za watu, jambo ambalo unajua silipendi.

Mwajuma, pale penye kivuli hapakung'aa. Zilikuwa nyama za kawaida za titi, zimelaliana wakati wa kupigwa picha. Daktari alisema kipimo hiki nacho wakati mwingine huwashtua watu kwa uvimbe usio na madhara, ndiyo maana hakifanywi ovyo. Alitaka Rehema arudi baada ya miezi sita. Atarudi. Nitampeleka mwenyewe.

Nimeishi na hofu ya ugonjwa wako tangu tulipokuzika. Sasa hofu hiyo nimeipa kazi: kila mwanamke wa ukoo wetu anayeniamkia, namwitikia marahaba, kisha namuuliza amepimwa lini. Wengine wameanza kupita njia ya nyuma. Nawafuata hukohuko.

Jumamosi nilikwenda Mikumi kumtazama mwanao. Alinivuta hadi sokoni, akachagua sidiria nyekundu kama pilipili. Nikamwambia rangi hiyo haimfai mwanamke mwenye watoto wakubwa. Akaipima juu ya gauni lake, mbele ya muuzaji, mbele ya soko zima.

"Mama mkubwa, matiti ni yangu, na yote mawili yapo."

Nikamwambia muuzaji aifunge.

Pumzika, mdogo wangu. Mwanao ninaye.

Dada yako mkubwa