Kipepeo na Mbio ya Nne

Shauri Moyo, Nairobi
Alhamisi, saa ya mapumziko

Mama Mwende mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mwaitu mamangu anaendeleaje na kifua chake? Ile dawa niliyompa dereva wa basi aiteremshe Mwingi, ilimfikia? Watu waliotoka huko wananiambia mvua imewapita tena, na kwamba mnachimba mchanga wa mto mpaka usawa wa kifua ndipo mpate maji. Nakufikiria na yale madumu mgongoni, nami niko huku sina mkono wa kukusaidia.

Mimi mwili ni mzima. Nyonga huniuma asubuhi za baridi, lakini fimbo nimeiacha. Na kuna habari ambayo umeiombea kwa muda mrefu: nimepata kazi. Tangu Jumatatu nimerudishwa kule kule kwa farasi, kwa Bwana wangu wa zamani anayefunza farasi wa watu.

Usimwambie mtu kwanza. Na kama Mwende ndiye anayekusomea, mchukulie karatasi usome mwenyewe, hata kama ni polepole. Yanayofuata si ya masikio ya mtoto.

Unajua nilivyoishi tangu yule farasi dume mweusi anitegue nyonga kwa teke na Bwana aseme hana kazi ya saisi anayechechemea. Miaka kumi na saba ya kulisha na kusugua farasi wa mashindano ikaisha kwa sentensi moja. Kioko mchongaji, huyu wa kwetu, akanipa kona ya chumba chake hapa Shauri Moyo. Siku nyonga inapokubali hubeba mbao sokoni Gikomba. Inapokataa, hukaa mlangoni nikiwatazama wanaume wenzangu wakienda kazini, na wakirudi wananikuta pale pale. Tangu uchaguzi ule wa vyama vingi unga umepanda mpaka naona haya kunyoosha mkono kwenye sahani ya Kioko. Yeye hasemi kitu, lakini mtu mzima hujua anapolishwa.

Heshima iliyonibakia ilikuwa ya Jumamosi. Alasiri, kabla ya mbio za Jumapili, wanaume wanaopanga kwenye ploti hii huja na gazeti lenye orodha ya farasi, wananiketisha kwenye kigoda na kuniita Mwalimu. Nami huwapitishia mbio moja moja: nani atashinda, nani wa kuogopwa, nani amekuja kupunga upepo tu. Ili nisiwadanganye, asubuhi yake huenda mazizini kuwaona farasi kwa macho yangu. Masaisi wenzangu wa zamani huniruhusu kuingia.

Jumamosi iliyopita nilienda. Nilianza kwa Kipepeo, yule farasi jike niliyekusimulia sana, ambaye nilimvuta tumboni mwa mamake kwa mikono yangu mvua ikipiga mabati. Wenyewe walimwita Kipepeo, mimi nikamwita Syombua, mtoto wa mvua. Aliposikia hatua zangu alitoa kichwa juu ya mlango akakoroma. Nikaingia, nikampitishia mkono miguuni kama ilivyo desturi yetu. Mguu wa mbele wa kushoto, juu ya kifundo, mshipa wa nyuma ulikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Kulikuwa na uvimbe mdogo, kama harage chini ya ngozi. Nilipoubonyeza aliuinua mguu na kunitazama.

Nilimkuta Bwana nje, anahesabu matandiko.

"Bwana," nikamwambia, "Kipepeo asikimbie kesho. Mshipa umeanza kuchanika."

Aliangalia huku na huku. "Umemwambia nani?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Mwenye farasi anakuja kesho na wageni wake. Atakimbia hii moja, halafu nitampumzisha miezi sita. Mguu nimeuona, ni kitu kidogo." Akanitazama kiunoni. "Naona hata hiyo nyonga yako imepona."

"Imepona, Bwana."

"Saisi mmoja anaacha kazi. Njoo Jumatatu asubuhi. Lakini nisisikie habari za mguu huko mtaani kwenu. Wala kwa Njoroge."

Njoroge ndiye humpanda Kipepeo, joki mwenye mwili mdogo na roho kubwa, baba wa wasichana wawili. Mara ngapi amenipa chai yake mwenyewe.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Basi. Nilifikiri juu ya karo ya Mwende, nikafikiri juu ya kifua cha Mwaitu, na ile sahani ya Kioko. Nakuambia hivyo ili ujue, si ili unitetee. Getini nikakutana na Njoroge anaingia.

"Mzee, kesho nimpeleke vipi mtoto wako?"

Hilo huniuliza kila mara, nami humjibu kila mara. Nikamjibu. "Mwachie apumue mpaka kona ya mwisho, ndipo umwombe." Akanipiga begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Alasiri walikuja. Githinji, dereva wa lori anayekaa mlango wa tatu, ndiye msomaji wa gazeti. Kioko alikuwa amekaa na patasi yake, anamalizia twiga. Nikaanza, kama kawaida yangu, na ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha Nairobi siku mbili, kwa hiyo uwanja ungekuwa laini, na farasi mzito wa kifua angezama. Mbio ya kwanza ni fupi, nikasema, haina kona: mchukueni Radi, anatoka getini kama mtu aliyeibiwa. Katika ya pili walimpenda Sultani kwa sababu gazeti lilimsifu. Nikawaambia gazeti halikumwona leo asubuhi akiacha chakula. Chagueni yule mwekundu, Subira, amebeba uzito mdogo na mpandaji wake hana pupa. Ya tatu nikawapa wawili, kwa kuwa sikuwa na hakika.

"Ya nne hakuna haja ya kumsumbua Mwalimu," akasema Kioko, na wote wakacheka.

"Mwacheni aseme mwenyewe," Githinji akasema. "Mzee, four ni nani? Ni yule msichana wako, ama?"

Mama Mwende, ningeweza kusema, "Ya nne iacheni." Maneno hayo tu. Lakini wangeuliza kwa nini, maana kwa miaka mingi nimemsifu farasi huyo kuliko mtoto wa kuzaa. Na Githinji ana binamu anayefanya kazi pale pale uwanjani. Kabla ya jua kutua, Njoroge angejua na Bwana angejua kwamba amejua. Nilitazama vidole vyangu.

"Kipepeo," nikasema. "Ardhi laini anaipenda. Uzito wake ni mwepesi. Katika hawa wanane hakuna wa kumshika."

Na yote yalikuwa kweli, hilo ndilo linalonitafuna. Sikusema uongo hata mmoja.

Jumapili Kioko alivaa koti lake la kanisani akasema atanisindikiza, hajawahi kuona mbio. Radi alishinda. Subira akashinda. Ya tatu ikachukuliwa na mmoja wa wale wawili wangu. Kioko alinishika mkono akaniambia, "Ndugu yangu, kumbe una kipaji hivi na umekaa unabeba mbao!" Watu wa mtaani waliokuwa upande wa nyasi walikuwa wakinipungia kofia. Sijawahi kusifiwa namna ile maishani mwangu, nami nilikuwa nikitazama njia atakayotokea Kipepeo.

Walipotembezwa wa mbio ya nne nilimtazama miguuni. Walikuwa wamemfunga bendeji miguu yote minne, ili ule mmoja usionekane. Alitembea vizuri. Nikajiambia labda Bwana alisema kweli, labda joto limetoka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kushika.

Njoroge alifanya kama nilivyomwambia. Alimwachia apumue, wa tano, wa nne, bila haraka. Kwenye kona ya mwisho akamwomba. Alinyooka, Mama Mwende, alinyooka kama maji yanayotoka kwenye mfereji, akawapita wawili kwa pigo moja, na watu wakasimama, na Kioko akapiga kelele jina lake. Halafu nikasikia sauti kama kuni kavu inapovunjwa gotini. Kichwa chake kikazama, Njoroge akaruka mbele akapiga bega chini, na wengine wakampita pande zote mbili.

Aliinuka. Farasi hawajui kulala wakiwa na maumivu. Alisimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ukining'inia, na saisi mpya alipomkaribia alirusha kichwa na kujaribu kukimbia tena. Ndipo Bwana akaniona kwenye uzio.

"Wewe! Njoo umshike! Hasikii mtu mwingine!"

Nikapita chini ya uzio. Nilimwita Syombua, nikakishika kichwa chake nikakilaza kifuani pangu, akatulia, anatetemeka tu. Nilivua koti nikamfunika macho. Daktari wa farasi alikuwa mtu mpole. Aliniambia nitazame pembeni. Sikutazama pembeni. Niliona kwamba hilo angalau lilikuwa langu kulitazama.

Jumatatu Bwana alitimiza ahadi. Hakusema neno juu ya mguu, nami sikusema. Alinipa reki na toroli, kazi yangu ya kwanza ikawa kutoa majani ya zizi la Kipepeo, kwa sababu kuna mwingine anakuja kuwekwa humo. Yalikuwa bado yana shimo la mahali alipolala.

Hapa mtaani hakuna anayenilaumu. Nilingoja walaumu. Githinji, aliyeweka dau lake lote la wiki kwa neno langu, alikuja na sukari na majani ya chai, akakaa, akasema, "Pole, mzee. Umempoteza mtoto." Wengine walikuja mmoja mmoja kama kwenye matanga. Kioko ameacha kuchonga ndani ili nipate utulivu. Kila mmoja akinipa pole nahisi kama ananiwekea jiwe mapajani.

Jumanne baada ya kazi nilienda hospitalini kumwona Njoroge. Amevunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Mke wake alikuwa kando ya kitanda, anamkaushia jasho. Nilikuwa nimeamua njia nzima kwamba nitamwambia. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nikavuta kiti, lakini kabla sijafungua mdomo akanishika mkono kwa ule wake mzima, na machozi yakamtoka.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Nafikiri nilimwomba mapema mno. Usiku na mchana naiona ile kona. Uliniambia mpaka kona ya mwisho, na mimi nikawa na pupa hatua mbili tatu. Nimekuulia mtoto wako."

Mke wake alinitazama. Wote wawili walikuwa wakiningoja.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Mama Mwende, alilala. Alishusha pumzi akalala pale pale, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mke wake akanishukuru akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nimetembea na shukrani hiyo kwa siku mbili. Nikimwambia ukweli leo, kazi imekwenda na Mwende yuko nyumbani. Nisipomwambia, Njoroge atapanda farasi maisha yake yote akidhani mkono wake una kosa, na mkono wa joki ukiingiwa na woga umekwisha. Nimepima huku na huku na sioni upande ambao mimi ni mtu mwema. Sijui hata kama ninakuuliza nifanye nini. Nadhani nilitaka tu awepo mtu mmoja duniani anayejua mimi nilivyo.

Msalimie Mwaitu, umwambie naula ule unga wa mtama aliotuma na unanikumbusha kwake. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetuchungia mbuzi, na babako mzazi, na yule dada yako aliyejifungua, nimefurahi kusikia ni msichana. Mwende mwambie asome.

Jumapili wanapowaita watu mbele kanisani kutoa ushuhuda, tafadhali usisimame kushukuru kwa kazi hii. Kaa tu kwenye benchi.

Mumeo asiyekuficha kitu,
Baba Mwende