Laini ya Kwenda Tororo

Malaba, 16 Mei 1976

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Mimi mzima, wasiwasi ni hilo goti lako.

Mafunzo ya ufundi wa simu sasa ni ya mikono. Darasani tulichora tu. Hapa mwalimu wetu, Mzee Omagor, ananipandisha nguzo na mkanda kiunoni, nasikiliza waya kwa simu ndogo ya kupimia. Nimepewa laini ya Tororo, ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi naita, na Okiror, mwanafunzi mwenzangu upande ule, anajibu. Hatujawahi kuonana, lakini akiwa na mafua najua. Ananiita shemeji tangu nimwambie nina dada.

Nikipita mtihani wa Agosti nitaandikwa kazi, na wewe utapumzika kuuza dagaa wa omena sokoni Bumala.

Ni mimi mwanao,
Ojiambo

Bukhayo, 2 Juni 1976

Mwanangu,

Huku tunaamka. Goti linauma lakini linatembea. Anayeandika ni dadako Roselida, maneno ni yangu.

Sokoni habari za ng'ambo si nzuri. Mume wa jirani yetu Mildred alivuka mpaka kuchukua ndizi, hajarudi. Wewe usivuke. Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua. Na huyo Okiror mwambie shemeji huja na ng'ombe.

Mamako,
Zilpa

Malaba, 11 Julai 1976

Mama,

Natumai hamjambo. Mwili wangu uko sawa, roho ndiyo haijatulia. Wiki nzima naita Tororo, kimya. Waya umekatika nguzo ya pili kupita daraja la mpakani, nauona ukining'inia. Mzee Omagor anasema fundi wetu anaishia darajani, kule ni kazi ya Okiror. Lakini Okiror angekuwa ameshautengeneza. Naogopa wanajeshi wa kule wamemchukua. Na ofisi imejaa watu wanalia, wanataka kujua kama jamaa zao kule wako hai.

Kesho napanda. Nikiwa juu nitamwita. Usihofu, mtu mwenye mkanda wa simu hakuna anayemgusa.

Mwanao,
Ojiambo

Bukhayo, 14 Julai 1976

Ojiambo,

Leo sina salamu. Barua yako imenifikia sasa hivi. Askari akikuona juu ya nguzo, simu sikioni, atajuaje unapima? Atasema unasikiliza siri zao. Kama bado hujapanda, kaa upande wetu, mtoto wangu, na mtihani ukipotea upotee. Nijibu upesi.

Mamako

Bukhayo, 5 Septemba 1976

Mwanangu,

Sijui uko hali gani, naogopa hata kuuliza.

Mimi na Roselida tulikuja Malaba. Mzee Omagor alilia mbele yangu. Anasema wanajeshi walikuita ushuke, wakisema wewe ni mpelelezi. Ukawaonyesha mkono wangoje, ukamaliza kufunga waya, ukashuka. Wakakupakia kwa lori na mkanda wako. Lilikoelekea hakuna anayejua.

Laini inafanya kazi tangu siku hiyo. Watu wanapiga, wanapata watu wao, wanacheka mle ofisini. Niliwachukia, Mungu anisamehe.

Nilimwomba Mzee aniitie Tororo. Alijibu Okiror mwenyewe. Alikuwa hospitali siku zile zote, malaria, basi. Mzee akamwambia ni mimi, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mama, shemeji yuko wapi?"

Na mimi hilo ndilo nililokuwa nimekuja kumuuliza.

Okiror bado anaita kila asubuhi. Barua hii nimeituma kwa sanduku lako la posta lile lile.

Mamako,
Zilpa