Nyumba Uliyolazwa Uluguru

Nyamisati, 1937

Mwanangu Abdulkarimu,

Mama yako nakusalimu sana. Huku mpunga umechanua, na dada yako Zamda kajifungua mtoto wa kike. Nilicheka uliposema watoto wa huko wanakuzomea, "Mtu wa pwani anashuka mlima kwa makalio!" Nikafurahi pia kwamba kila kijiji mnakaribishwa ndani, mnalala kando ya moto.

Barua yako yasema u mzima. Lakini Seleman, mpagazi mwenzako aliyeileta, hakuweza kunitazama. Kaniambia, "Mama, tulimwacha kwa watu. Homa ilimzidi, na bwana mpima ardhi tuliyembebea mizigo hakutaka kungoja." Mbona umenificha, baba?

Barua hii inatangulia na lori la Dhanji mwenye duka. Mimi na mjomba wako tunafuata kwa miguu.

Nawe dada yangu wa huko mlimani uliyemlaza mwanangu kwako, sijui hata jina lako. Kama hana nguvu, tafuta mtu amsomee. Akikataa uji, mwite Karimu, jina nimwitalo mimi, atafumbua macho. Asipofumbua, usitume mtu kunieleza njiani. Niache nipande mlima wenu nikijua ninaye.

Mimi mama yake,
Mwanaharusi